Pesa Huzaliwa Wapi, na Kwa Nini Hazimfikii Mvuvi wa Lamu

Wengi wetu hapa Lamu tunaamini kwamba benki hupokea akiba za wateja, ikazitunza, kisha ikamkopesha mtu mwingine sehemu ya fedha hizo hizo. Ukweli ni tofauti, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwetu. Benki inapokubali kumpa mteja mkopo wa shilingi laki tano, haimnyang'anyi mwenye akiba hata senti; huandika laki tano mpya katika akaunti ya mkopaji, na papo hapo huandika deni la kiasi hicho hicho juu yake. Jana pesa hizo hazikuwepo popote. Deni likilipwa, pesa hufutika nalo, na benki ikabaki na riba. Benki Kuu ya Uingereza ililieleza jambo hili waziwazi mwaka 2014. Benki Kuu ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1966, ndiyo inayotoa noti na sarafu na kuziwekea benki mipaka, lakini sehemu kubwa ya pesa tunazotumia ni tarakimu zilizozaliwa kwa mikopo ya benki za kawaida.

Ikiwa ni hivyo, anayechagua nani akopeshwe ndiye anayechagua pesa mpya zianzie wapi. Kwa kawaida benki hutaka hatimiliki ya ardhi, na hapo ndipo pwani yetu ilipoachwa nyuma tangu zamani. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda wa pwani wapeleke madai yao kwa serikali ya kikoloni, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Ndiyo maana hadi leo zipo familia zilizolima na kuzikana mahali pamoja vizazi kwa vizazi bila karatasi ya kuonyesha benki.

Mvuvi asiye na karatasi hiyo humwendea tajiri wa samaki, naye humpa injini na nyavu kwa sharti kwamba samaki wote atamuuzia yeye, kwa bei atakayoitaja yeye. Neno riba halitamkwi, na wote wawili wanaswali msikiti mmoja. Lakini kile kinachokatwa katika bei ya kila kilo, mwaka baada ya mwaka, mimi nakiona kizito kuliko riba nyingi za benki. Mikopo ya simu nayo haimfai. Ile ya M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitozwa asilimia 7.5 na kutakiwa kulipwa ndani ya siku 30, na kusi likivuma sana bahari haimpi mtu nafasi ya kulipa deni la mwezi mmoja.

Mwaka 2016 Bunge liliweka kikomo cha riba, isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu. Nia ilikuwa njema, ila benki ziliwapunguzia mikopo wafanyabiashara wadogo, zikaona heri kuikopesha Serikali, na mwaka 2019 kikomo kikaondolewa. Uswisi nako, mwaka 2018, wananchi walipigia kura pendekezo la kuzizuia benki za kawaida kuunda pesa, na takriban robo tatu wakalikataa. Hata lingepita, swali la nani anapewa lingebaki pale pale.

Ninachokitaka mimi ni kidogo na kinawezekana. Tangu mwaka 2017 sheria ya Kenya inaruhusu mali inayohamishika kusajiliwa kuwa dhamana: mashua, injini, hata shehena ya samaki. Fundi wa Matondoni, kijiji chetu cha waundaji wa majahazi, mwenye jahazi nusu limeundwa ana mali ya kweli, na afisa wa mikopo anayejua kuithamini anapaswa kuwapo hapa kisiwani, si Nairobi. Benki zinazofuata sharia, ambazo zimekuwapo nchini tangu 2008, zisiishie kununua kitu na kukiuza kwa faida iliyopangwa. Ziingie ushirika na mvuvi, zigawane naye faida na hasara ya msimu. Na kila benki itakiwe kutangaza, kaunti kwa kaunti, amana ilizopokea na mikopo iliyotoa, ili watu wa Lamu waone kwa macho yao ni kiasi gani cha pesa mpya kinaanzia kwao.