Besi imerudi!

Jamani amplifaya ya besi ya kwaya imepona leo!

Ilikuwa inakatika sauti katikati ya wimbo, taa inawaka vizuri tu, tumebadilisha waya, tumebadilisha gitaa, wapi. Jioni hii nikachukua kawaya kafupi nikaunganisha yale matundu ya SEND na RETURN kule nyuma (sauti inatokea SEND kwenda kwenye vifaa vya efekti, inarudi kwa RETURN), sauti ikaja yote! Kumbe kontakti za ndani ya tundu la RETURN, ambazo sauti inapitia hata kama hujachomeka kitu, zimeshika uchafu. Nikapulizia dawa ya kontakti, nikachomeka na kuchomoa mpaka ikakaa sawa.

Halafu nikapiga ule uzi mnene wa E, hezi 41 hivi (mitetemo 41 kwa sekunde), taratibu tu...

madirisha yakatetemeka, nikausikia kifuani kabisa. Mvumo ule nilikuwa nimeumisi jamani!

(Msifungue ndani hovyo, kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi umeme, zinabaki na umeme hata ukishachomoa.)

Wapiga besi, za kwenu zinasumbua wapi?