Siku mizani ilipoitika

Kompyuta ya zamani ya maabara ya udongo ilikata roho mwaka 2022, katikati ya msimu wa sampuli, ikaondoka na ile poti ya pini tisa ambayo mashine nyingi za siku hizi hazina. Mizani ilikuwa imechomekwa pale tangu kabla sijaajiriwa. Programu iliyosoma uzito nayo ilikuwa kwenye diski hiyohiyo iliyokufa, na CD yake hakuna aliyejua iliko.

Mzee wetu wa maabara hakushtuka. Alichukua daftari na kalamu. Kupima unyevu wa udongo ni kazi ya kurudiarudia: unapima kikebe kitupu, unakipima tena kikiwa na udongo mbichi, unakiingiza kwenye oveni ya nyuzi joto 105 kwa saa 24, unakitoa, kinapoa, unakipima mara ya tatu. Trei nzima ya vikebe ni utitiri wa tarakimu, na katika mwandiko wa Mzee, 1 na 7 walikuwa mapacha. Dada mmoja wa shahada ya uzamili alipomaliza kuchapa namba zile akakuta sampuli ambazo udongo mkavu ni mzito kuliko mbichi. Alikuja kwangu amevimba.

"Kaka, huu udongo umekunywa maji ndani ya oveni?"

Mimi ndiye niliyeitwa mtu wa kompyuta pale idarani, cheo kisicho na posho. Mashine mpya tuliyopewa ilikuwa na Ubuntu 22.04, mfumo endeshi wa Linux usiolipiwa, kwa kuwa leseni ya kitu kingine hakuna wa kuilipia. Nikanunua adapta ya kutoka USB kwenda pini tisa, ile ya bei rahisi yenye chipu ya CH340, nikaunganisha mizani na kompyuta.

Hola. Kwenye Linux adapta ya namna hii ikichomekwa huzaliwa faili liitwalo /dev/ttyUSB0, na kuongea na kifaa ni kuliandikia na kulisoma faili hilo. La kwangu halikuwepo.

Mzee alishuku waya, na shaka yake ilikuwa na msingi. Kuna kebo za pini tisa zilizonyooka na kuna zilizopishanisha pini 2 na 3, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Tukaleta multimita, kile kipimo cha volti. Yeye akashikilia ncha nyeusi kwenye pini 5, ya ardhi, mimi nikagusisha nyekundu kwenye pini 2 ya mizani. Ikaonyesha volti hasi. Katika RS-232, utaratibu wa mawasiliano wa poti hizi za pini tisa, mstari wa kutuma ukiwa hauna la kusema hukaa kwenye volti hasi. Maana yake mizani ilikuwa inasemea pini 2, na upande wa kompyuta husikilizia pini 2 hiyohiyo. Kebo iliyonyooka ndiyo iliyotakiwa, na ndiyo tuliyokuwa nayo.

"Basi si waya," alisema Mzee, kama mtu aliyenyang'anywa jibu.

Nikachomoa adapta, nikafungua teminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika sudo dmesg -w ili nione kerneli, kiini cha mfumo, inasema nini papo hapo, kisha nikachomeka tena. Mistari ikashuka. Chipu imetambuliwa, imepewa ttyUSB0. Mara mstari mwingine: brltty imeichukua. Mara mwingine: ttyUSB0 imekatwa. Faili lilikuwa linazaliwa na kufa kabla sijawahi kulitazama.

Brltty sikuwahi kuisikia. Ni programu inayounganisha kompyuta na vifaa vya nukta nundu, vile ambavyo vinundu vyake hupanda na kushuka chini ya vidole ili asiyeona asome kilichoko kwenye skrini. Kumbe baadhi ya vifaa hivyo hutumia chipu kama ile ya adapta yangu, yenye utambulisho uleule, 1a86:7523. Mfumo ukiona namba hiyo hauulizi mwisho wa waya kuna nini. Kwake, mizani yetu ya udongo ilikuwa kifaa cha kusomea.

Wengi wakikwama hapa huifuta brltty yote, na kweli tatizo huisha. Sikupenda. Kompyuta ile ni ya maabara, mwanafunzi yeyote anaweza kukalia kiti kile, na wasioona tuna tabia ya kuwakumbuka wakiwa wameshasimama mlangoni. Nikanakili faili la 85-brltty.rules, lenye kanuni za utambuzi huo, kutoka /usr/lib/udev/rules.d kwenda /etc/udev/rules.d, nikaweka alama ya # mbele ya mstari wa chipu yangu peke yake ili usisomwe. Nakala iliyoko /etc ndiyo inayofuatwa, hata programu ikisasishwa, na vifaa vingine vya nukta nundu vinaendelea kutambuliwa.

ttyUSB0 ikatulia. Kuifungua nikanyimwa ruhusa, lakini hilo ni la kawaida: unajiongeza kwenye dialout, kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kugusa poti hizi, unatoka, unaingia upya.

Kasi nikaweka 9600, biti nane, bila pariti (biti ya kukagua makosa), kama menyu ya mizani ilivyoonyesha. Mizani yenyewe ni Mettler Toledo, na hawa wana amri zao fupi: Z inarudisha kwenye sifuri, T inaondoa uzito wa chombo, SI inadai uzito wa sasa hivi, uwe umetulia au haujatulia. Nikatuma SI kwa echo, amri ya kutoa maandishi. Kimya. Mzee akaanza kukusanya vikebe vyake. Nikafungua kitabu cha mizani: kila amri imalizwe kwa alama mbili zisizoonekana, CR (rudi mwanzo wa mstari) na LF (shuka mstari mpya). Echo hutia LF tu. Nikaacha cat, amri ya kusoma faili, ikisikiliza kwenye dirisha moja, kwenye la pili nikaandika:

printf 'SI\r\n' > /dev/ttyUSB0

Ikajibu:

S S     23.417 g

S ya pili maana yake uzito umetulia; ungekuwa unayumba ingekuja D. Nilipomweleza hivyo, Mzee alisogeza miwani, akatazama skrini, akatazama mizani, kisha akainama na kukipuliza kikebe kwa mdomo.

"Tuma tena."

Nikatuma. S D. Alicheka mpaka akashika meza.

Yule dada akaandika programu fupi ya Python: inauliza namba ya kikebe, inasubiri S mbili, inahifadhi uzito, ikija D inakataa. Mzee akaendelea na daftari lake pembeni vilevile. "Umeme ukikatika je?" Nani angembishia.

Likabaki jina. Nilitaka mizani iitwe /dev/mizani daima, lakini adapta yangu haikuwa na namba yake ya pekee, na mbili za aina hiyo zikikaa pamoja kompyuta haiwezi kujua ipi ni ipi. Ikabidi kanuni ya kuipa jina ifuate tundu la USB lenyewe. Nikabandika karatasi juu ya tundu: MIZANI. USIHAMISHE. Haikupita wiki, nikakuta mtu kachomeka simu pale na mizani imetupwa tundu la jirani. Mzee akachukua kalamu nyekundu akaongeza chini yake, kwa ule mwandiko wake: NA SIMU HAICHAJIWI HAPA.