Bili ya beringi za tela la boti

Dola 480 za Kanada! Ndizo nilizolipa hapa Halifax kubadilishiwa beringi za tela la boti, magurudumu mawili tu. Vifaa havikufika dola 90. Zilizobaki zote ni saa za fundi. Watu wa Kigoma, mfikirieni yule kijana wa gereji pale Mwanga: anafungua habu (kitovu cha gurudumu), anaosha beringi kwa mafuta ya taa, anapaka grisi, anafunga, na bado mteja anaomba apunguziwe.

Kilichoniuma zaidi ni kuzuiwa kuingia karakana. Kwetu mteja anakaa kwenye benchi pembeni ya fundi, spea kanunua mwenyewe, anaona kila nati. Huku unasubiri mapokezini, unaletewa karatasi. Beringi ya zamani sikuonyeshwa.

Kibirizi, ufukweni kwetu Kigoma, maboti hayajui tela. Yanalala majini au yanavutwa mchangani kwa mikono. Huku boti inalala uani kwa mtu, na mimi mtoto wa mvuvi siwezi kuishi kando ya maji bila chombo. Sasa, habu hupata moto barabarani. Ukiizamisha hapo hapo kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie. Grisi hugeuka rangi ya maziwa, kutu inaanza. Na haya ni maji ya bahari, siyo Tanganyika yetu unayochota ukanywa. Kwa hiyo subiri habu ipoe ndipo ushushe boti, na ukirudi osha tela lote kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, hata springi na viungio vya waya za taa.

Msimu huu nimefungua mwenyewe. Beringi mpya nimeweka na vikombe vyake (pete za chuma zinamozunguka), sili mpya, pini mpya. Nati unaikaza huku unazungusha gurudumu, kisha unailegeza kidogo; ukiiacha imebana, beringi itaungua njiani. Jirani aliniona, akaniomba nimfanyie na lake. Bei niliyotaja hakuibishia.

Wewe mdogo wangu wa Ujiji unayeuliza habari za viza kila wiki, viza itafuata taratibu zake. Kwa sasa nenda gereji, kaa na mafundi hadi mkono uzoee. Huku chuma ni rahisi, mkono ndio ghali. Na cheti cha ufundi stadi cha VETA ukipate kabisa, maana waajiri huku wanaanza kuuliza karatasi.