Nusu sekunde inatosha: Art of Noise wakisikilizwa Sanawari

Natengeneza matangazo ya redio hapa Arusha. Duka la vipuri, shule ya bweni, mkutano wa injili, kampuni ya utalii inayotaka simba angurume kabla ya namba ya simu. Studio yangu ni chumba kimoja Sanawari, trei za mayai ukutani na godoro mlangoni, na bado jirani akianza kuchomelea mageti nasimamisha kazi. Kwa hiyo msitarajie uchambuzi wa msomi wa muziki. Art of Noise, kundi la Waingereza waliotengeneza muziki kwa vipande vya sauti, nawasikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake.

Kazi yao ya kwanza, EP (rekodi fupi) iitwayo Into Battle with the Art of Noise, ilitoka Uingereza mwaka 1983 kwenye lebo ya ZTT. Albamu kamili ikafuata 1984. Walikuwa watano. Trevor Horn ni prodyuza, yule wa bendi ya Buggles. Anne Dudley alikuwa kwenye kinanda, Gary Langan ndiye fundi wa kurekodi, J. J. Jeczalik akaendesha mashine, na Paul Morley, mwandishi wa habari, kazi yake ikawa maneno na vituko. Jina wamelitoa kwa Mwitaliano Luigi Russolo, aliyeandika mwaka 1913 kwamba kelele za viwanda na mitaa nazo ni muziki. Sura zao walizificha. Picha zikawa vinyago na spana.

Ila mimi kilichonishika ni ngoma za wimbo wao “Beat Box”. Horn alikuwa studio na bendi ya Yes wakirekodi albamu yao 90125. Alan White, mpiga ngoma wao, akapiga mdundo ambao mwishowe haukutumika. Langan na Jeczalik wakauokota, wakauingiza kwenye mashine mdundo mzima, siyo pigo moja moja kama ilivyokuwa desturi, wakaanza kuuchezea. Fikiria: makapi ya kikao cha watu wengine, na mwanzoni mwa 1984 yakafika namba moja kwenye chati ya dansi Marekani, vijana wa breki dansi wanayazungukia kwa vichwa. Mimi folda yangu ya “vya kutupa” siifuti kabisa siku hizi.

Mashine yenyewe ilikuwa Fairlight CMI, kompyuta iliyoundwa Sydney na Peter Vogel na Kim Ryrie, ikaingia sokoni 1979. Kioo cha kijani, kalamu ya mwanga ya kuchorea mawimbi ya sauti, disketi kubwa za inchi 8. Ya wakati ule ilikuwa ya biti 8, sauti nane kwa pamoja, na kila sauti ilipewa kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu. Piga hesabu. Ukitaka sauti safi kadiri mashine inavyoweza, unapata kama nusu sekunde. Ukitaka ndefu zaidi, ukubali ichakae. Simu iliyo mfukoni mwako sasa hivi ina nafasi ya sauti kama hizo kwa maelfu na maelfu.

Na ndiyo maana rekodi ile haijachuja masikioni mwangu. Ukiwa na nusu sekunde huwezi kubahatisha. Lazima ujue gari linatambulika kuwa gari kwenye sehemu gani ya mlio wake. Kwenye “Close (to the Edit)” kuna Volkswagen Golf, stata na injini, imekatwakatwa mpaka imekuwa chombo cha muziki. Mwaka jana nilikuwa na tangazo la gereji moja ya Unga Limited, nikafanya hivyohivyo na Land Rover ya zamani, dizeli, asubuhi ya Julai na baridi yetu mnaijua. Stata ililia, ikakohoa, ikalia. Nilichotumia ni ule mkohoo. Mwenye gereji aliposikia mara ya kwanza aliniambia, “Dada, CD yako imekwaruzika.” Nikamwambia asubiri namba ya simu iingie. Mwezi wa pili akataka niirefushe.

Wanaoisifu rekodi hii husifu mashine, au Horn. Mimi namsifu Dudley. Alisomea muziki hasa, na bila yeye tungebaki na milio ya kuchekesha. Sikiliza “Moments in Love”: pumzi za kwaya ya kompyuta, noti chache mno, na jinsi anavyobadilisha kinachopita chini yake huku juu panabaki palepale. Kwenye albamu inavuka dakika 10. Wengine husema ni ndefu, nami nasema ndiyo, ni ndefu, ile ya EP ndiyo bora. Baadaye, kwa muziki wa filamu ya The Full Monty, alipata tuzo ya Oscar, na sikushangaa hata kidogo.

Kuna jambo moja linanikera hata hivyo, na wala halimo kwenye rekodi yenyewe. Kabla yake tu, Horn na Malcolm McLaren walikwenda Afrika Kusini kurekodi Duck Rock, albamu ya McLaren, na baadhi ya hawa wa Art of Noise walifanya kazi kwenye albamu hiyo. Humo mna “Double Dutch”, na anayeijua “Puleng” ya Boyoyo Boys, bendi ya hukohuko, haambiwi imetolewa wapi. Boyoyo wenyewe ikabidi wadai kwa wanasheria. Sasa geuza: mwaka 1996 kundi la Prodigy walichukua “hey!” moja ya Art of Noise wakaitia kwenye “Firestarter”, na majina ya Art of Noise yakaandikwa kati ya watunzi. Neno moja la kuita mtu!

Nalisema kwa sababu mteja mmoja wa utalii aliniletea kipande cha kina mama wa Kimasai wakiimba, kimepakuliwa intaneti, hakuna jina wala mahali. “Weka hii mwanzoni, sekunde mbili tu, nani atajua?” Nikamwambia Kisongo si mbali, twende tukarekodi, waimbaji walipwe na majina yao tuyaandike kwenye mkataba. Akauliza mbona bajeti imeota mstari mpya. Nikamchezea “Puleng”, halafu “Double Dutch”, bila maelezo.

Alicheka sana. Akalipa ya kina mama yote siku ileile, mkononi, pale Kisongo. Yangu amelipa nusu.