Pafu Ambalo Halikuguswa na Kisu

Nilikuwa Ujerumani nikisomea udaktari wa usingizi kwa watoto nilipopangiwa zamu ya kwanza katika maabara ya wanyama. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia madrasa, na nguruwe sijawahi kumgusa. Usiku wake nikampigia mama.

"Kuna mtoto atapona kwa hilo, mwanangu?"

"Ndicho tunachokitafuta, mama."

"Basi nenda. Ukirudi ujitwaharishe."

Mnyama, mtoto wa nguruwe, alikuwa na kilo tano na ushei, kama mtoto mchanga wa miezi mitatu hivi, na mapafu yake yanakaribiana na ya kichanga kwa ukubwa. Usingizi wake niliusimamia mwenyewe. Sikuruhusu aguswe mpaka nimeridhika kwamba hasikii maumivu.

Tukamlaza kiubavu kama mtoto wa kupasuliwa kifua, tukaziba pafu la kushoto, la juu. Likanywea. La kulia likabaki linapumua peke yake, na mashine ya kupumulia ikaachwa vilevile: kila pumzi, mililita 10 za hewa kwa kila kilo ya uzito wake. Hewa ya mapafu mawili ikawa inasukumwa katika moja, tena lile la chini, lililoelemewa na moyo na tumbo, huku mbavu za umri ule zikiwa laini mno kulikinga. Damu nayo hukimbilia hukohuko.

Baada ya saa kadhaa tulimmaliza akiwa bado usingizini, tukafungua kifua. Pafu la chini, ambalo mpasuaji halioni wala haligusi, lilikuwa jekundu iliyoiva, zito mkononi. Nilipolikata, povu likatoka.

Nikawakumbuka watoto wa nyumbani, wenye usaha kifuani. Mpasuaji alikuwa akilisukuma pafu bovu pembeni kwa mkono, nami nikiendelea kupuliza kipimo kilekile. Siku ya pili mtoto anahema mbiombio wodini, na sote tunasema ni ugonjwa. Yupo mmoja, wa kike, ambaye mpaka leo naiona shanga ya kiunoni mwake.

Nikapima kipande cha pafu kikiwa kibichi, nikakiweka kwenye tanuri, maana maji yanayokauka ndiyo yanayoonyesha pafu lilivyovuja. Wenzangu wakaenda kulala. Mimi nilikaa pale, nikikitoa na kukirudisha, mpaka mizani ikaacha kushuka.