Vijana wa Ringway: Askari wa Kwanza wa Miavuli wa Uingereza

Tarehe 22 Juni 1940, siku ileile Ufaransa ilipotia saini mkataba wa kusitisha mapigano na Ujerumani, Winston Churchill aliagiza kiundwe kikosi cha askari wa miavuli wasiopungua 5,000. Ninawaheshimu sana vijana walioitikia wito huo, kwa sababu walijitolea wakati ambapo hata wakufunzi wao walikuwa bado wanajifunza.

Mafunzo yalifanyika Ringway, karibu na Manchester. Ndege waliyopewa, Whitley, iliundwa kwa ajili ya kudondosha mabomu, hivyo askari aliruka kupitia tundu lililotobolewa sakafuni. Alikaa ukingoni, miguu ikining'inia, kisha akajisukuma kwa kipimo: akizidisha nguvu, uso uligonga ukingo wa mbele, akilegea, mwavuli uliokuwa mgongoni ulikwama nyuma na kumtupa mbele vilevile. Wengi walitoka na pua zinazovuja damu. Baadaye yalitumika pia maputo yaliyofungwa kwa kamba ya chuma, na wengi waliyachukia zaidi, kwani pale juu palikuwa kimya, hapakuwa na upepo wa injini, na mtu alianguka muda mrefu kabla ya mwavuli kufunguka. Mwavuli wa akiba hawakuwa nao kabisa.

Mwezi Julai 1940 askari mmoja alifariki mazoezini baada ya kunaswa na kamba za mwavuli wake. Mafundi wakabadili mpangilio, kamba zikatangulia kunyooka na kitambaa kikafuata, na usalama ukaongezeka sana. Mabadiliko hayo yalinunuliwa kwa uhai wa mtu.

Usiku wa tarehe 10 Februari 1941, askari 38 wakiongozwa na Meja Pritchard waliruka kusini mwa Italia kulipua mfereji wa maji wa Tragino, uliopita juu ya nguzo. Kundi moja la wahandisi liliangukia bonde jingine pamoja na baruti zake, lakini waliosalia walifanikiwa kubomoa nguzo. Maji yalirejeshwa upesi, nao wote walikamatwa wakielekea pwani. Fortunato Picchi, Mwitalia aliyefuatana nao kama mkalimani, aliuawa kwa kupigwa risasi na serikali ya nchi aliyozaliwa.

Wapo wanaoliita shambulio hilo kushindwa. Mimi sikubaliani nao, kwani naona lilifungua njia: mwaka mmoja baadaye, Februari 1942, Meja John Frost na askari wake 120, waliopitia Ringway hiyohiyo, waliruka Bruneval nchini Ufaransa, wakang'oa vipuri vya rada ya Wajerumani na kuvisafirisha kwa mashua hadi Uingereza.