Nilivyofanikiwa kumchora bibi, nikisaidiwa na Fanny Eaton

Mi nachora kwa penseli tangu sekondari ila nikichora mtu mweusi ilikua inaniharibikia kila siku, nasugua penseli mpaka karatasi inang'aa, mwisho wa siku sura imekua doa tu. Bibi nilimjaribu mara nne, zote macho yakazama. Iliniuma sana kwa sababu nilitaka nimchore akiwa bado yupo.

Alienitoa hapo ni mama mmoja wa Jamaica, Fanny Eaton, kazaliwa 1835. Aliishi London, akafanya kazi za ndani, akaolewa na mwendesha gari la farasi, akazaa watoto kumi, na humohumo akawa anawakalia wachoraji wamchore kwa malipo. Julai 1860 Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, walimlipa shilingi 15 kwa kukaa mara tatu.

Mchoraji mmoja Mwingereza, Simeon Solomon, alimchora kwa penseli 1859, michoro iko Fitzwilliam Museum kule Cambridge. Mi nimeiona kwenye simu tu, nikaikuza nikawa naiangalia kipande kwa kipande, na hapo ndo nikagundua kosa langu, jamaa hajapaka giza uso mzima! Mistari yake miepesi, uso umebebwa na umbo, yaani kope, pua, midomo, na karatasi yenyewe kaiacha iwe mwanga. Halafu kuna mchoro wa Walter Fryer Stocks, huyo kamchora Fanny kwa chaki nyeusi, nyekundu na nyeupe. Chaki nyeupe kwa mtu mweusi! Sikuwahi kuwaza.

Basi nikachana bahasha kubwa ya kaki, nikachukua mkaa na chaki ya ubaoni. Rangi ya kaki ndo ikawa ngozi ya bibi, mkaa nikaweka chini ya kidevu, puani na kwenye mashimo ya macho tu, chaki kidogo sana kwenye paji la uso na shavuni, nikaifikicha kwa kidole. Jioni mbili. Bibi akaitazama kimya, akagusa kovu la kwenye nyusi, akasema "na hili umeliona".

Kitu kimoja bado kinanikera. Ile michoro ya Solomon ilikua maandalizi ya picha ya mama yake Musa, ikaonyeshwa Royal Academy 1860, kwa hiyo waliofika pale wakamwona mama Musa, Fanny hawakumjua. Ya bibi nimeandika nyuma majina yake yote matatu, na la kijiji.